Kiangazi Bila Jua: Raha Zangu za Shambani Leicester

Kiangazi cha mwaka 2024 kilikuwa cha baridi kuliko vyote nchini Uingereza tangu mwaka 2015. Wastani wa joto kuanzia Juni hadi Agosti haukufika hata nyuzi 15 za Selsiasi, mvua zilikuja na kuondoka kama wageni wasioaga, na siku zenye jua la kumfanya mtu avue koti zilikuwa za kuhesabika. Mimi ninalima kipande cha bustani ya kukodi katika jiji la Leicester, katikati ya Uingereza, na majirani zangu wengi wa bustanini walikata shauri mapema kwamba mwaka ule umekwisha haribika. Kwangu haukuharibika. Ninataka kueleza nilivyoupitisha, kwa kuwa raha nyingi nilizozipata zilitokana na mawingu yenyewe.

Kwa msomaji aliye mbali na mambo haya, ni vizuri nieleze kwanza bustani hizi ni kitu gani. Katika miji ya Uingereza, ambako watu wengi hawana uwanja nyuma ya nyumba, halmashauri hutenga ardhi na kuigawa katika vipande ambavyo wakazi huvikodi kwa ada ndogo ya mwaka. Sheria ya mwaka 1908 ndiyo iliyozipa halmashauri wajibu huo, na kipande kamili cha zamani kina takribani mita za mraba 250, ingawa siku hizi wengi hupewa nusu yake, kama nilivyopewa mimi. Sheria ya mwaka 1922 inasema mazao yawe hasa kwa chakula cha mkodi na familia yake. Kwa hiyo hakuna anayelima kwa ajili ya soko, na mavuno yanayozidi huishia mikononi mwa majirani. Wenyeji wana jina lao la mahali hapo, lakini Waswahili wachache tulioko hapa tunasema tu "ninakwenda shamba", hata kama shamba lenyewe mtu anaweza kulivuka kabla hajamaliza kupiga chafya.

Mimi ni mzaliwa wa Lushoto, kwenye milima ya Usambara, ambako kabichi, karoti na viazi hukua ndani ya ukungu, na ambako mwezi wa Julai mtu hawezi kutoka asubuhi bila sweta. Nadhani hilo lilinisaidia kuliko kitabu chochote cha kilimo. Jirani yangu wa upande wa kushoto ni mzee mwenye asili ya Kigujarati aliyefukuzwa Uganda mwaka 1972 pamoja na maelfu ya Waasia wengine, na ambaye bado anakihifadhi Kiswahili alichokitumia dukani kwa baba yake kule Jinja. Asubuhi moja ya Juni, upepo wa kaskazini ukivuma na sote tukiwa tumevaa makoti, aliniuliza, "Dada, jua limekwenda wapi?" Nikamjibu, "Shikamoo Mzee. Hata kwetu Lushoto mwezi huu halipo." Alicheka sana, kisha akaendelea kuitazama miche yake ya pilipili kwa huzuni.

Uamuzi wa maana nilioufanya ulikuwa wa mwezi huohuo wa Juni. Nilikuwa na miche mingi ya nyanya iliyokuwa ikingoja dirishani, na nilipoona usiku bado una baridi, nilibakisha michache tu ndani ya banda kitalu dogo la plastiki, nikaigawa mingine, na eneo lote lililobaki nikalipanda majani: sukuma wiki ya aina mbili, spinachi, saladi na giligilani. Mmea wa giligilani ukipata joto na siku ndefu hukimbilia kutoa maua, majani yake yakawa membamba na machungu. Hapa Leicester, mnamo mwezi wa Juni, jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo urefu wa siku hauna tiba, lakini ubaridi wa mwaka ule uliichelewesha mimea kiasi kwamba shada moja la giligilani lilinilisha kwa wiki nyingi. Katika kiangazi cha mwaka 2022, ambapo joto la nyuzi 40.3 lilipimwa pale Coningsby, mashariki mwa Uingereza, na kuvunja rekodi ya nchi nzima, saladi zangu zilikuwa zimeungua kabla sijajaza bakuli.

Sukuma wiki ndiyo iliyonifurahisha kuliko vyote. Ilikua mirefu, yenye majani mapana na laini, na niliyachuma ya chini kila nilipokwenda nikaacha kilele kiendelee. Kwa kawaida vipepeo weupe hutaga mayai chini ya majani hayo, na viwavi wao huweza kulimaliza tuta zima, ila mwaka ule nilikuwa nikiligeuza jani baada ya jani bila kukuta hata yai. Faida hiyo siwezi kuisherehekea kwa moyo mweupe, kwa sababu hesabu ya vipepeo inayofanywa na wananchi kila kiangazi tangu mwaka 2010 ilitoa wastani wa chini kabisa mwaka huohuo. Hata hivyo sukuma niliila, tena kwa ugali wa moto, nikiwa nimeikatakata nyembamba na kuikaanga na kitunguu kwa muda mfupi tu ili ibaki na rangi yake.

Maboga nayo yalinipa kile ambacho Waingereza hawakukitarajia. Matunda yalikuwa machache na madogo, lakini mashina yalitambaa hadi kwenye njia, yakiwa na majani machanga yasiyo na idadi. Mama mmoja wa makamo mwenye kipande cha pili kutoka changu alisimama akinitazama nikiyachuma, kisha akaniuliza kwa upole kama ninajua kwamba watu hula boga. Nilimwonyesha namna ya kulishika jani kwa bua lake, kulivunja kidogo na kuvuta zile nyuzi zenye manyoya hadi zitoke zote, nikamwambia apike kwa karanga zilizosagwa. Wiki iliyofuata alikuja kuomba mengine. Yeye alinilipa kwa mabua ya rhubarb, yale mekundu yenye uchachu mkali, ambayo huchemshwa na sukari nyingi na ambayo majani yake ni sumu, hivyo hukatwa na kutupwa kwenye mboji. Kwa maoni yangu ni mboga iliyojipenyeza kwenye meza ya matunda, lakini imenishinda kuiacha.

Sitaki msomaji adhani kwamba hapakuwa na adui. Majira ya baridi yalikuwa ya mvua tele, nayo machipuko yakafuata yakiwa na usiku wa uvuguvugu, na matokeo yake yalikuwa makoa, wale konokono wasio na gamba, kwa wingi ambao wazee wa bustani walikiri hawajauona kwa miaka mingi. Vidonge vya sumu ya metaldehaidi vilivyokuwa vikitumiwa zamani vilipigwa marufuku tangu mwaka 2022, kwa kuwa viliwaua pia ndege na kalunguyeye. Nilichotumia ni minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo huuzwa ikiwa katika unga, ukaikoroga ndani ya maji na kuimwagilia udongoni, nayo huingia ndani ya koa na kumwua. Minyoo hiyo hufa udongo ukikauka, na ndiyo maana katika miaka ya jua watu huilalamikia. Mwaka ule udongo haukukauka, nayo ilifanya kazi barabara.

Kilichobaki nilikifanya kwa mkono, na nakiri kwamba nilianza kukipenda. Mnamo saa nne usiku, anga ikiwa bado ina mwanga hafifu upande wa kaskazini, nilikuwa nikipita kati ya matuta na taa kichwani na ndoo mkononi, nikikutana na wenzangu wawili watatu waliokuwa katika shughuli hiyohiyo. Usiku mmoja taa yangu ilimwangukia koa mkubwa, mrefu kama kiganja changu, mwenye madoa ya chui mgongoni, akijivuta juu ya ubao uliooza. Nilimwinamia nikamtazama akifungua na kufunga lile tundu la kupumulia lililo ubavuni mwake. Huyo haingii kwenye ndoo: chakula chake hasa ni vitu vilivyooza, na huwashambulia makoa wengine. Nilimhamishia karibu na lundo la mboji.

Viazi vilihitaji akili zaidi. Ugonjwa wa bakajani chelewa, unaoozesha majani na viazi vyenyewe, uleule ulioleta njaa kubwa ya Ireland kuanzia mwaka 1845, hupenda hali ya hewa kama ile tuliyokuwa nayo. Wakulima wa hapa hupewa tahadhari pale ambapo siku mbili mfululizo joto halishuki chini ya nyuzi 10 na kila siku inakuwa na angalau saa sita za unyevuanga wa asilimia 90 au zaidi. Kwa kulijua hilo nilipanda viazi vya mapema tu, aina ya Charlotte, ambavyo huwa tayari kabla ugonjwa haujashika kasi. Mwishoni mwa Julai niliona madoa ya kahawia kwenye majani machache, na nilipoyageuza nikakuta ule utando mweupe kwenye kingo za madoa. Nilikata mashina yote siku hiyohiyo hadi usawa wa ardhi, nikayaondoa shambani, nikaviacha viazi vilivyosalia vikae udongoni kwa takribani wiki mbili ili ngozi ikomae na vijidudu vilivyo juu ya udongo visivifikie.

Vya kwanza, hata hivyo, nilikuwa nimekwisha vila. Sijui raha ya bustani inayozidi kuvifukua viazi vya kwanza vya mwaka. Udongo wa Leicester ni mfinyanzi mzito, ambao jua likiupiga huwa mgumu kama tofali, lakini mvua ilikuwa imeulainisha, hivyo uma wa kulimia ulizama kwa uzito wa mguu tu. Niliuchomeka mbali kidogo na shina, nikaegemea mpini, na tuta likainuka polepole na kupasuka, viazi vikajitokeza vyeupe kama mayai. Ngozi yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba nilipokisugua kimoja kwa kidole gumba ilibanduka yote. Nilivipika jioni hiyohiyo kwa tui la nazi, bizari na pilipili moja nzima isiyopasuliwa, na Mzee, niliyempelekea bakuli, alisema hajala viazi vya namna hiyo tangu Jinja, ingawa nashuku kwamba Jinja ya kumbukumbu zake ina kila kitu.

Maharage ya kutambaa, yale yenye maua mekundu ambayo Waingereza huyapandisha kwenye fito, yaliniongezea sababu ya kulisamehe wingu. Katika joto kali maua yake hupukutika bila kushika, lakini mwaka ule yalishika karibu yote. Nyuki wa mizinga hawatoki kwa wingi siku za baridi, ila bambi, wale wanene wenye manyoya, hufanya kazi hata penye manyunyu, na nilizoea kuwaona wakiingia ndani ya maua kichwa kwanza huku nikinywa chai mlangoni mwa kibanda changu.

Chai hiyo inastahili maneno yake. Kibanda nilichokirithi kwa mkodi aliyenitangulia kina paa la bati, na mvua ikinyesha huku ndani pana chupa ya chai ya tangawizi na kiti cha kukunja, mtu hana sababu ya kukimbilia nyumbani. Mapipa mawili ya kukinga maji yalijaa msimu mzima, kwa hiyo kazi ya kubeba maji kutoka bombani, ambayo katika kiangazi cha mwaka 2022 ilinivunja mgongo, haikuwepo kabisa. Magugu nayo, ambayo wengi waliyalalamikia kwa wingi wake, yalikuwa yakitoka na mizizi yote baada ya mvua. Kung'oa mbigili wenye mzizi mrefu na kuuona ukitoka mzima hadi ncha yake ni starehe ambayo mtu asiyelima haelewi hata akielezwa.

Kwa msimu unaofuata nimekwisha nunua mbegu. Nyanya zitabaki zile chache za ndani ya banda, sukuma wiki itapata tuta la ziada, na maboga nitayapanda kwa ajili ya majani, matunda yakija yawe nyongeza. Mzee hakubaliani nami. Yeye ana hakika kwamba kiangazi kijacho kitakuwa cha jua, amekwisha otesha pilipili na nyanya za kujaza kipande chake chote, na ameniomba nimwachie pipa langu moja la maji kwa sababu anadai atalihitaji. Nimemkubalia, kwa sharti kwamba jua lisipokuja, nafasi ya nyanya zake nitaipanda sukuma.