Bodi iliyogoma kuwaka, na mchoro ulionieleza sababu

Kazi ilikuwa nyepesi kwa kuitazama: bodi ya BeagleBone Black, kompyuta ndogo ya bodi moja, ndani yake Linux, iendeshe rilei tatu, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, kupitia bodi ndogo inayochomekwa juu yake. Bodi hiyo ya rilei nilikabidhiwa ikiwa imeshatengenezwa na kulehemiwa, na pini zake zilikuwa zimeshachaguliwa. BeagleBone ikiwa peke yake iliwaka bila shida. Ukiwasha umeme huku bodi ya rilei imechomekwa, kimya. Taa nne za buluu hazipepesi, mtandao hauonekani. Halafu ukichomoa bodi ya rilei na kuwasha tena, kila kitu kinarudi kuwa sawa.

Mtu wa kwanza niliyemweleza alisema umeme hautoshi. Nilipima: volti 5 zipo, volti 3.3 zipo, na hazishuki. Hapo nikaacha kubahatisha, nikaunganisha konsoli ya seriali, waya unaoleta maandishi ya bodi kwenye skrini ya kompyuta nyingine. Kwenye BeagleBone Black kuna pini sita zilizopangwa mstari mmoja, J1, na ndiko chipu inakoongea kabla hata Linux haijafikiriwa. Kasi ni 115200, na waya uwe wa volti 3.3, si wa volti 5. Kwenye skrini ikaja herufi moja, ikajirudia polepole:

CCCCCCCC

Usione hiyo C ukadhani ni takataka. Ndani ya chipu kuu ya bodi, AM3358, kuna programu ndogo iliyochongwa humo kiwandani, na ndiyo ya kwanza kabisa kuamka. Inatafuta programu ya kuwashia mahali kadhaa kwa zamu. Ikifika zamu ya waya wa seriali inatuma C, yaani inaomba itumiwe faili kwa njia ya XMODEM, utaratibu wa kutuma faili kwenye waya wa seriali. Kwa hiyo chipu ilikuwa hai na yenye afya, ila ilikuwa imeipita hifadhi ya eMMC iliyo kwenye bodi yenyewe, ambamo Linux yangu ilikuwa imekaa. Kwa nini iipite?

Nikaweka kadi ya microSD yenye Linux ileile, bodi ya rilei ikiwa juu. Ikawaka! Kadi inakubalika, eMMC haikubaliki. Tabia hiyo anaijua yeyote aliyewahi kuitumia bodi hii: ndivyo inavyofanya ukishikilia kitufe cha S2 wakati wa kuwasha umeme. Nami sikuwa nimegusa kitufe chochote.

Sasa hapa ndipo maunzi huria yanapolipa. Mchoro wa saketi wa BeagleBone Black uko wazi kwa kila mtu, wote, rezista kwa rezista. Nikautafuta ukurasa wa mpangilio wa kuwaka, nikamfuata S2. Kitufe hicho kinafanya jambo moja tu: kinaushusha waya wa LCD_DATA2 hadi sifuri. Waya huohuo unaendelea hadi pini P8_43 kwenye soketi ya pembeni, na njiani umevutwa juu kwa rezista ya kiloomu 100. Nikageukia mchoro wa bodi ya rilei. Rilei ya kwanza: P8_43. Kwenye geti ya transista yake, yaani mguu unaoiamuru iwake, kuna rezista ya kiloomu 4.7 inayovuta chini, jambo la busara kabisa, maana bila hiyo rilei inaweza kubofya ovyo umeme unapoingia.

Piga hesabu. Kiloomu 100 inavuta juu kwenye volti 3.3, kiloomu 4.7 inavuta chini. Kinachobaki katikati ni kama volti 0.15. Chipu inaposoma hapo inaona sifuri, na kwake hiyo ni sawa na kidole kilichobonyeza S2. Nikaweka multimita kwenye pini, ikasoma hivyohivyo.

Mwongozo wa chipu, kitabu cha zaidi ya kurasa 4,000, unamalizia maelezo katika sura ya 26. Nyaya za LCD_DATA zina kazi mbili. Riseti inapoachiwa, chipu inazisoma kwa jina la SYSBOOT ili ijue ianze kutafuta wapi. Baada ya hapo zinarudi kuwa pini za kawaida. Tano za mwanzo, zikiandikwa kuanzia LCD_DATA4 kushuka hadi LCD_DATA0, zikisomeka 11100, zamu ni eMMC, microSD, seriali, USB. Zikisomeka 11000, ni SPI (njia ya chipu ya kumbukumbu ya nje), microSD, USB, seriali, na eMMC haimo kabisa. Rilei nyingine mbili zilikuwa kwenye P8_45 na P8_46, ambazo BeagleBone yenyewe inazivuta chini tangu mwanzo, ndiyo maana hazikusumbua.

Dawa ilikuwa fupi kuliko uchunguzi. Nilikata njia ya shaba iendayo P8_43 kwenye bodi ya rilei, nikalehemu waya mwembamba hadi P9_12, pini isiyohusika na kuwaka. Kwa upande wa Linux nilibadilisha devaisi trii, faili inayoieleza Linux maunzi yaliyopo: P9_12 ni GPIO1_28, nikaiweka katika modi ya 7, yaani pini ya kawaida ya kuwasha na kuzima, itoe na ivutwe chini. Nikakusanya faili kwa dtc, programu ya kazi hiyo, nikawasha. Taa za buluu zikaanza kupepesa.

Nimewahi kutumia bodi ambayo mtengenezaji wake alitoa picha ya pini tu. Tatizo kama hili kwenye bodi ile ningelizunguka bila kulielewa, pengine kwa kuwasha kutoka kadi milele. Ndiyo maana sasa, kabla ya kuchagua bodi, naangalia mambo ambayo zamani sikuyapa uzito. Mchoro kamili wa saketi upo, au ni vipande? Raspberry Pi, kwa mfano, hutoa michoro iliyopunguzwa, na mpangilio wa bodi yenyewe hautolewi. Faili ni za programu gani? Za BeagleBone Black zilichorwa kwa OrCAD na Allegro, programu za kulipia, ilhali Olimex ya Bulgaria ilichora A64-OLinuXino kwa KiCad, ambayo yeyote anaifungua bure. Mwongozo wa chipu unapatikana bila kutia saini mkataba wa kutunza siri? Hilo kwangu ni zito kuliko yote, kwa sababu hata bodi iliyo wazi kabisa imebeba chipu isiyo wazi, na bila mwongozo ule nisingejua SYSBOOT ni nini.

Toleo jipya la bodi ya rilei nimelichora mwenyewe. Pini zote kuanzia P8_31 hadi P8_46 nimeziacha tupu. Atakayelazimika kuzitumia aweke bafa katikati, chipu ya kuzitenganisha na bodi ya juu, iliyofungwa hadi SYS_RESETn, pini P9_10, ipande juu.