Kitambi cha fundi: kumbukumbu ya Septemba hadi Januari

Septemba, mwanzo

Kilo 94. Kiuno inchi 42. Sukari ya asubuhi, kabla sijatia kitu mdomoni, 6.6 (mmol/L). HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha sukari ilivyokwenda miezi miwili mitatu iliyopita, asilimia 6.2.

Mimi ni fundi cherehani, Manzese, Dar es Salaam. Miaka 19 nazungusha futi kamba kwenye viuno vya watu, changu nakikadiria kwa macho. Na wala si kiuno kilichonipeleka zahanati, ni shingo. Ngozi ya kisogoni ilikuwa nyeusi na nzito kama mahameli. Mama watoto akadhani ni uchafu wa jasho, akanisugua kwa dodoki hadi nikachubuka. Daktari aliitazama mara moja tu: "Baba, tupime sukari."

Jina la tatizo ni usugu wa insulini. Insulini ndiyo inayopiga hodi kwenye seli ili sukari iingie. Mafuta yakijaa kwenye ini na misuli, seli zinakuwa kama mpangaji anayedaiwa kodi: hodi anaisikia, anajikausha. Kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, linaiongeza, hodi zinazidi. Kwa muda mrefu sukari inaonekana ya kawaida, kumbe kongosho linafanya kazi ya watu watatu. Kisukari chenyewe kinahesabiwa kuanzia HbA1c 6.5, au 7.0 asubuhi. Kwa hiyo mimi nipo barazani, ndani sijaingia.

Dawa sijapewa. Nimepewa lengo: nipunguze asilimia 7 ya uzito, na nitembee dakika 150 kwa wiki. Lengo hilo linatoka kwenye utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002. Watu wa hatua kama yangu waliopewa lengo hilo, hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Waliopewa metformin, dawa ya kisukari, ilishuka kwa 31. Kwangu asilimia 7 ni kilo sita na nusu hivi.

Septemba, mwisho

Soda basi. Chai kavu, bila vile vijiko vitatu. Asubuhi nashuka Mwendokasi Shekilango badala ya Manzese, namalizia kwa miguu. Kilo 92.3.

Oktoba

Nimenunua mashine ya kupimia sukari. Stripu zake, vile vipande vya kuwekea tone la damu, si bei ya karanga, kwa hiyo kila tone la damu lazima lijibu swali.

Swali la kwanza: ugali. Mama ntilie wetu hapa nje ana mkono mkubwa, sahani moja ya sembe inashibisha wawili. Nilikula kama nilivyozoea, maharage na mchicha pembeni, nikarudi kwenye cherehani. Dakika 60 baada ya tonge la kwanza: 10.4. Kesho yake dona, kipimo kilekile: 9.8. Nilitegemea makubwa kutoka kwa dona, lakini ugali ni ugali.

Siku ya tatu nikaanza na mchicha na maharage, nikavimaliza karibu vyote, ndipo nikagusa ugali, tena nusu. 8.5. Mama ntilie akaniangalia: "Fundi, unaumwa? Mbona unadonoa kama kifaranga?"

Siku ya nne ndiyo iliyonishangaza. Sahani nzima ya sembe, bila mbinu yoyote, ila nilipomaliza tu nikatembea dakika 20, kwenda na kurudi kando ya barabara ya Morogoro. 8.2. Misuli inayofanya kazi inavuta sukari hata kama hodi ya insulini haisikiki vizuri. Mimi nilikuwa nakula, nakaa, nashona hadi magharibi. Miaka 19.

Sahani nne si utafiti, najua. Lakini toka siku hiyo nakula nusu ugali, mboga kwanza, na kutembea sikosi. Kijana wangu wa kazi anawaambia wateja fundi ameenda "kupunguza bei ya ugali".

Novemba

Kilo 90.1, kiuno inchi 40 na nusu.

Juzi nilipata mshtuko. Nimepima jioni: 14.7. Nikakaa chini kabisa, mama watoto akaanza kutafuta pesa ya bodaboda twende hospitali. Binti yetu ndiye aliyeuliza: "Baba, umenawa?" Nilikuwa nimetoka kumenya embe. Nikanawa kwa sabuni, nikafuta, nikatoboa kidole kingine: 7.1. Sukari ilikuwa ya embe, imeganda kwenye ncha ya kidole. Mnaopima nyumbani, naweni kwanza. Msimu wa maembe ndio kwanza umeanza.

Desemba

Mwezi mbovu. Nguo za Krismasi na sare za harusi mbili. Nalala masaa manne tu kwa usiku, wakati mwingine matatu. Chakula sijabadilisha, chipsi mayai sijagusa, lakini sukari ya asubuhi imepanda kutoka 5.9 hadi 6.5. Nilikasirika, nikahisi mashine imeharibika. Daktari akasema usingizi ukikosekana usugu unaongezeka, na alfajiri ini lenyewe humwaga sukari kwenye damu hata kama hujala.

Mzani umesimama 89 wiki tatu nzima. Ila futi kamba haikusimama: 40, halafu 39 na nusu. Mafuta ya tumboni ndiyo yanayohusika zaidi na huu usugu, kwa hiyo mzani nimeuhamishia uvunguni. Harusini nilikula pilau. Sikupima, na sijutii.

Januari

Kilo 87.2. Kiuno 39. Sukari ya asubuhi 5.6. HbA1c 5.8, bado haijafika chini ya 5.7 kunakohesabiwa kawaida, lakini imetoka 6.2. Shingo imeanza kurudi rangi yake.

Jumapili nimepunguza suruali zangu nne, kazi niliyoiahirisha kwa kuwa hakuna anayenilipa. Mama watoto akaona nimekunja kitambaa kilichozidi kwa ndani, sijakikata, akaniuliza namwekea nani. Nimemwambia mwezi wa nne napima tena, mkasi upo.