Kuvizia bei ya kitabu cha Kindle

Kitabu cha Kindle, yaani kitabu cha kielektroniki kinachouzwa na Amazon, hakijazi ghala wala hakichakai, ndiyo maana bei yake hurukaruka bila mnunuzi kujua sababu. Leo dola 13.99, kesho 1.99, keshokutwa imerudi palepale. Kuingia dukani kila asubuhi kuchungulia ni kujitesa bure. Kazi hiyo iachie eReaderIQ, tovuti inayofuatilia bei za Kindle na kukutumia barua pepe ikishuka. CamelCamelCamel, tovuti nyingine ya kufuatilia bei za Amazon ambayo wengi huikimbilia kwanza, haifuatilii vitabu vya Kindle.

Kosa la kwanza hutokea kwenye kunakili linki. Ukurasa mmoja wa Amazon unabeba jalada gumu, jalada laini, sauti na Kindle, na kila kimoja kina namba yake. Bofya kwanza kisanduku cha Kindle, kisha tazama herufi kumi zinazofuata /dp/ kwenye linki. Zikiwa tarakimu tupu, au tarakimu zenye X mwishoni, hiyo ni ISBN, namba ya utambulisho, ya kitabu cha karatasi. Ya Kindle huanza na B0. Lakini usiridhike na hiyo B0 peke yake, maana vitabu vya karatasi vya waandishi wanaojichapishia navyo hubeba namba za namna hiyo.

Kisha bei ya kungojea. Ukiomba taarifa ya punguzo lolote, utaamshwa kwa senti 50. Kwa kitabu cha dola 14 cha mchapishaji mkubwa, weka 4.99, ofa za kweli mara nyingi hutua 1.99, 2.99 au 4.99. Kwa mwandishi anayejichapishia hesabu ni nyingine: Amazon humpa asilimia 70 ya mauzo bei ikiwa kati ya 2.99 na 9.99, na chini ya hapo 35 tu. Basi 2.99 ndiyo sakafu yake ya kawaida. Akishuka hadi 0.99, aghalabu ni Kindle Countdown Deal, punguzo la muda mfupi la Amazon, ambayo humwachia ile asilimia 70 lakini haizidi siku 7. Ukiiona, usijivute.

Tatizo kubwa kwa msomaji wa Nairobi au Dar ni kwamba barua ile inataja bei ya mteja wa Marekani. Mchapishaji anaweza kupanga bei tofauti kwa nchi yako, au asiwe na haki ya kukiuza huko kabisa. Juu yake kuna VAT, na makato ya benki ya kubadilisha fedha. Kwenye kitabu cha dola 1.99 vijisenti hivyo vinauma. Bei ya kuamini ni ile unayoiona karibu na kitufe cha kununua, ukiwa umeingia kwenye akaunti yako mwenyewe. Na ukiona 0.00 kwa maandishi makubwa, soma maneno ya pembeni: mara nyingi ni Kindle Unlimited, yaani ni bure kwa anayelipia kila mwezi.

Ofa za Amazon za siku moja hubadilika usiku wa manane kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu ni saa nne asubuhi wanapokuwa kwenye saa za kiangazi, Machi hadi Novemba, na saa tano miezi mingine. Barua ya jana jioni bado ina uhai ukiamka.

Umenunua Jumatatu, bei ikaanguka Alhamisi? Kitabu cha Kindle hurudishwa ndani ya siku 7: kirudishe, ngoja fedha zithibitishwe, ununue tena. Usiwe umekisoma sana tu. Ukipita asilimia 10 mfumo haurudishi wenyewe, ombi linakwenda kukaguliwa.

Kwa vitabu vya kale ambavyo hakimiliki yake imekwisha, usifuatilie bei yoyote. Vipakue bure Project Gutenberg, au Standard Ebooks ukitaka vilivyopangwa vizuri zaidi.