Hela ya Bibi Yafika Hall

Sarafu yenyewe ni ya heleri 10. Ina tundu katikati na maandishi ya Deutsch Ostafrika, Afrika Mashariki ya Kijerumani, na bibi yangu wa Tanga aliifunga kwenye pindo la kanga hadi alipofariki. Hakuiita sarafu ya Mjerumani. Aliiita hela, basi. Mdogo wangu alipojifungua huko Ujerumani na kuniomba nikamsaidie uzazi, niliitia kwenye mkoba pamoja na iliki, pilipili manga na doti mbili za kanga, kisha nikaanza kujifunza lugha.

Nilikuwa na wiki kumi. Kila usiku nilikaa na simu na kitabu cha masomo, nikirudia sentensi zile ambazo msafiri hawezi kuzikwepa: Entschuldigung, samahani, Ich hätte gern, ningependa kupata, Könnten Sie bitte langsamer sprechen, tafadhali sema polepole. Matamshi hayakunitisha kama nilivyodhani. Mtu wa pwani ana bahati: ile ch ya "ach" ni kh yetu ya "kheri", na r yao ya kooni haiko mbali na gh ya "ghali". Ü ndiyo iliyonisumbua, mpaka nilipogundua njia: midomo iwe kama ya kutamka u, ulimi ubaki kwenye i. Hata namba zao za kinyumenyume, einundzwanzig, moja na ishirini, zilinikumbusha bibi akihesabu nazi: "hamsa wa ishirini." Wazee wetu walihesabu hivyohivyo, kwa njia ya Kiarabu.

Uwanja wa ndege wa Frankfurt niliuliza stesheni ya treni za mbali nikaelekezwa, nikaelewa. Kwenye treni ya Stuttgart niliagiza chai, nikaletewa chai. Nilifika nikiwa na furaha kubwa.

Kisha nikaingia kijijini. Mdogo wangu na mumewe wanaishi chini ya milima ya Schwäbische Alb, kusini mwa Stuttgart, nyumba moja na mama mkwe wake. Mama yule alifungua mlango, akanishika mikono yote miwili, akasema: "Grüß Gott! Hosch Honger?"

Nilishika neno Gott peke yake. Kitabu kilinifundisha Guten Tag na Haben Sie Hunger, una njaa. Huku kusini watu husalimiana kwa jina la Mungu, dukani, kwenye basi, hata daktari akiingia chumbani, na mimi nililipenda hilo mara moja. Lakini hast limekuwa hosch, Hunger imekuwa Honger, nicht ni net, na ist ni isch. Usiku ule nililala nikihisi kwamba wiki zangu kumi nimezitumia kwenye lugha ya nchi nyingine.

Siku ya pili alinipa mtoto: "Heb amol des Kendle." Kitabuni heben ni kuinua. Nikamwinua mtoto juu, taratibu, kwa mikono miwili, nikingoja kuambiwa nini kinafuata. Mama mkwe aliingiwa na hofu, akaja mbio. Mdogo wangu akaniambia kutoka kitandani, "Dada, kwao heben ni kushika. Mpakate tu." Alipotaka blanketi la mtoto aliita Teppich, na mimi nikatazama zulia sakafuni.

Si kila kitu kilikuwa kigumu. Jioni moja alilalamika kuwa Fuß inamuuma, huku akisugua paja. Mjerumani wa kaskazini angeshangaa, maana kwake Fuß huishia kwenye kifundo. Mimi sikushangaa hata kidogo. Kwetu mguu ni mguu, kuanzia nyongani hadi vidole, na Waswabi, watu wa huku, huhesabu vilevile. Nikaenda kumchukulia mafuta ya kuchulia.

Saa zilinigharimu zaidi. Nilikuwa nimejiandaa na halb drei, ambayo si tatu na nusu bali mbili na nusu, yaani saa 8 na nusu mchana kwetu. Kumbe wao wanaendelea mbele zaidi. Mama mkwe aliniambia basi la kwenda mjini ni viertel drei. Nikasikia robo, nikasikia tatu, akili yangu ya Kiswahili ikajaza kasorobo. Nilifika kituoni ikikaribia saa 9 kasorobo. Basi lilikwishaondoka saa 8 na robo, nikangoja kwenye baridi kwa muda mrefu. Baadaye shemeji alinichorea duara kwenye karatasi: saa ya tatu ni kama mkate, robo yake ikiliwa ni viertel drei, nusu ni halb drei, robo tatu ni dreiviertel drei. Tangu alivyonieleza hivyo sijakosea tena, na naona ni mpangilio safi kuliko ule wa kitabuni.

Kilichonipa ujasiri wa kusema ni silabi moja, -le. Kijerumani kina ngeli tatu za nomino, der, die na das, na mgeni hubahatisha. Lakini kitu kikidogoshwa kwa -le, kama sisi tunavyoweka ki-, kinahamia das bila ubishi. Häusle, kijumba, Weckle, kimkate, Kendle, kitoto: zote das. Nilianza kudogosha kila nilichokigusa jikoni, na mama mkwe akaona naongea kwa upole. Kwao -le ina mapenzi ndani yake, tofauti na ki- yetu ambayo mara nyingine hudharau.

Heshima ilitaka mapatano. Alinitaka nimwambie du, wewe, badala ya Sie ya heshima. Ulimi ulikataa kumwambia hivyo mama wa miaka themanini bila kumwamkia kwanza. Nikamfundisha shikamoo. Kila asubuhi nikamwamkia, akajibu "marahaba" kwa sauti nzito, ndipo nikaweza kusema du.

Jumapili ya tatu nilipika pilau. Alikula sahani mbili kimya, akafuta mdomo, akasema: "Mr ka's essa." Inalika. Niliumia, sitaficha. Mdogo wangu akanivuta pembeni: kuna msemo wao, "Net g'schimpft isch g'nug g'lobt", kutokaripiwa ni sifa tosha, kusema inalika ni sifa iliyozidi.

Ile sarafu nilimwonyesha karibu na mwisho. Aliisogeza dirishani, akasoma, akauliza tunaiitaje. Hela. Akarudia: Heller. Shemeji akasema neno hilo limetoka mji wa Hall, na Jumamosi tukapanda treni kutoka Stuttgart, mwendo wa kama saa moja, hadi Schwäbisch Hall. Njiani mama mkwe alinitahadharisha kwamba licha ya jina la mji, watu wa kule wana lahaja ya Kifranki, si yake.

Mji umejengwa kwa chumvi, kando ya mto Kocher. Zaidi ya miaka 800 iliyopita walipiga hapo senti ndogo yenye msalaba upande mmoja na kiganja upande wa pili, ikaenea kila soko, na jina la mji likawa jina la senti. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilibadili hesabu kwetu: rupia iliyokuwa na pesa 64 ikawa na heleri 100. Ndiyo maana leo tunatamka pesa na hela kwa pumzi moja. Mwaka 1916, katikati ya vita, heleri zilipigwa hata Tabora, kwenye karakana ya reli.

Tulikaa kwenye ngazi pana za kanisa la Mtakatifu Mikaeli. Nilimsimulia kwa Kijerumani changu habari za pindo la kanga la bibi. Akaichukua sarafu, akaiita Hellerle, akaiweka kiganjani mwangu na kunikunja vidole kimoja kimoja.

"Heb's fescht," akasema.

Nikaishika.