Siku moja ya mavuno Santa Maria, California

Saa 7:30 usiku

Simu inalia, naizima haraka kabla haijawaamsha wenzangu ninaokaa nao. Nje ukungu umeshuka hadi barabarani, na taa za mji zinaonekana kama ziko nyuma ya chandarua. Nilipofika mwezi Agosti nilibeba fulana nyingi na sweta moja, maana nilijua California ni joto. Leo nimevaa sweta mbili na koti juu yake.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa zabibu, nimezaliwa Hombolo, Dodoma. Nimekuja Santa Maria kwa msimu mmoja wa mavuno, nijifunze kazi ya kiwanda cha mvinyo.

Saa 8:00 usiku

Trekta linakwenda polepole kati ya mistari, limefungwa taa kubwa zinazomulika mizabibu pande zote mbili. Wachumaji wana taa kichwani na mkononi kisu kilichopinda kama mundu mdogo. Kichala kinakatwa, kinaangukia kwenye beseni, beseni likijaa mtu anakimbia kulimwaga. Anakimbia kwelikweli, gizani, na udongo umelowa. Kazi yangu ni kusimama kwenye kreti kubwa, zile zinazobeba karibu nusu tani, nitoe majani na vichala vilivyooza kabla havijafukiwa na vingine.

Tunavuna Pinot Noir, zabibu nyeusi yenye ganda jembamba na hasira za haraka. Ikipata joto inapasuka, juisi inaanza kuchacha yenyewe ndani ya kreti, na hapo umeshapoteza ulichokuwa unakitafuta. Ndiyo maana tunavuna usiku. Kipimajoto kimesoma nyuzi 11.

Baridi hii ndiyo mali ya mji huu. Milima mingi ya pwani ya California imelala kaskazini kwenda kusini, ikaizuia bahari kama ukuta. Hapa imelala mashariki kwenda magharibi, bonde likabaki wazi, mdomo ukitazama Pasifiki. Kila usiku ukungu unaingia, mchana jua linausukuma kurudi. Zabibu inaiva taratibu na uchachu wake haupotei. Mizabibu ya kwanza ya biashara katika kaunti hii tangu enzi ya marufuku ya pombe Marekani ilipandwa 1964, na mwaka 1981 serikali ya Marekani ikalitambua rasmi bonde la Santa Maria kama eneo la mvinyo lenye jina lake.

Mwanzoni nilidhani wachumaji wote ni watu wa Kihispania. Kisha nikasikia lugha nyingine ikipita chini ya ile, laini, yenye kupanda na kushuka. Ni Kimixteki. Wengi wametoka Oaxaca, kusini mwa Mexico, na Kihispania wamejifunza kama sisi Wagogo tulivyojifunza Kiswahili shuleni. Tangu siku hiyo nawaona kama watu wa nyumbani.

Saa 12:00 alfajiri

Lori linaondoka na kreti zetu, nami nalifuata kwa pikapu. Kunaanza kupambazuka juu ya mashamba ya stroberi, na watu wameshainama, mistari mirefu ya migongo. Hii napenda isemwe wazi: wageni wanakuja kuonja mvinyo, lakini zao linaloongoza kwa thamani katika kaunti hii ni stroberi. Kuna pia brokoli, koliflawa na saladi. Mwaka 1975 California ilipiga marufuku jembe la mpini mfupi kwa sababu lilikuwa linavunja migongo ya vibarua. Stroberi bado inachumwa kwa kuinama vilevile, maana iko chini. Mji huu wa watu kama 110,000, mkubwa kuliko hata Santa Barbara iliyoipa kaunti jina, umesimama juu ya migongo hiyo.

Saa 12:40 asubuhi

Kiwandani. Kreti inapimwa, inamiminwa kwenye meza ya kuchambulia, na sisi wanne tunasimama pembeni mikono ikikimbia. Zabibu bado ni za baridi, vidole vinakufa ganzi. Mashine inatenganisha vikonyo na punje, punje zinaingia kwenye tenki. Natia tone la juisi kwenye kipimo cha sukari: asilimia 24. Naangalia saa. Kreti ya kwanza ilijaa saa 8:40. Saa nne tu, kutoka mzabibuni hadi tenkini.

Mwaka mmoja, nikiwa darasa la sita, baba alivuna tani mbili za zabibu aina ya Makutupora nyekundu. Kiwanda kilichoahidi kununua kikasema matenki yamejaa. Zabibu zilikaa siku tatu chini ya mwembe, tumezifunika magunia yenye maji. Siku ya nne nyuki walikuwa wengi kuliko vichala. Baba alizimwaga mwenyewe, hakutaka tumsaidie.

Saa 5:00 asubuhi

Ukungu umeondoka. Tunafungua milango yote kabla ya kupanda kwenye matenki yanayochacha, kwa sababu hewa inayotoka humo inaweza kumwangusha mtu bila yeye kujua. Maganda huelea juu, mazito kama ukoko, na lazima yasukumwe chini ili yatoe rangi. Mara tatu kwa siku, kila tenki. Mabega yanajua.

Saa 6:30 mchana

Chakula. Leo mzee wa mapipa ameleta nyama ya kuchoma ya mji huu: pande la ng'ombe la pembe tatu wanaloliita tri-tip, limetiwa chumvi, pilipili manga na kitunguu saumu, likachomwa juu ya kuni za mwaloni mwekundu. Pembeni maharage madogo ya pinquito yanayolimwa hapa bondeni. Mtu wa Dodoma hana la kusema kuhusu nyama ya namna hii, anakula.

Mama ameniachia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, baba yako kaenda dukani kanunua betri za tochi, kamaliza zote. Umemwambia nini?"

Saa 9:00 alasiri

Nimeosha mapipa, mabomba na sakafu. Kazi ya mvinyo sehemu kubwa ni kuosha.

Nampigia baba, ingawa Dodoma ni saa saba usiku. Anapokea mlio wa kwanza.

"Mbukwenyi, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Sema haraka, mwanangu, nina watu."

"Watu gani saa hizi?"

"Si ulisema usiku? Na huku Hombolo usiku kuna baridi. Mnunuzi anafungua saa moja asubuhi, nimeongea naye mwenyewe. Nataka nimkute mlangoni na zabibu za baridi."

Nyuma yake nasikia mikasi, na mdogo wangu akiuliza tochi nyingine iko wapi.

"Mmejaza kreti ngapi?"

"Kumi na moja. Haya, kalale," akasema, akakata simu.