Chini ya nguzo za Claiborne

Kila panapozungumzwa habari ya kuunganisha tena mitaa iliyokatwa na barabara ya juu, watu hubishana kwanza kama ibomolewe au iachwe. Kwa maoni yangu ubishi huo huanza mapema mno, na mtaa wa Tremé mjini New Orleans, Marekani, unanipa sababu.

Hadi mwaka 1966, Claiborne Avenue, barabara inayopita mtaani humo, ilikuwa na ukanda mpana wa nyasi katikati, wenye safu za mialoni mikubwa ambayo familia za Wamarekani weusi zilipumzika chini ya kivuli chake na kukusanyika hapo siku ya Mardi Gras, sikukuu ya maandamano kabla ya Kwaresima, huku pembeni yakiwapo maduka na ofisi za bima zilizomilikiwa na weusi wenyewe. Mwaka huo miti ikakatwa, kisha zikasimamishwa nguzo za zege, na barabara kuu ya I-10 ikapitishwa juu yake. Sheria ya mwaka 1956 ilikuwa imeibebesha serikali kuu asilimia 90 ya gharama za barabara za namna hiyo, kwa hiyo fedha hazikuwa kikwazo. Barabara nyingine ya juu, iliyokusudiwa kupita ukingoni mwa mto mbele ya French Quarter, mtaa wa kale na wa kitalii wa mji huo, ilipingwa hadi ikafutwa mwaka 1969. Mji ni huohuo. Waliosikilizwa ndio tofauti.

Hata hivyo, pale chini hapakufa. Misafara ya matarumbeta bado hupita kati ya nguzo, zege likiuongezea mlio nguvu, wachuuzi huuza vyakula, na wasanii wamechora mialoni kwenye nguzo zenyewe. Ndiyo maana wakazi hawana kauli moja: wapo wanaotaka zege liondoke, na wapo wanaohofia kwamba likiondoka, kodi za nyumba zitapanda na wao wataondoka nalo. Hofu hiyo ina msingi. Huko San Francisco, barabara ya juu ya Embarcadero ilibomolewa kuanzia mwaka 1991 baada ya kuharibiwa na tetemeko la mwaka 1989, na eneo lililofunguka likapendeza na kupanda thamani. Kupanda huko humfurahisha mwenye nyumba, si mpangaji.

Mimi ningeanza na ardhi. Wakazi wawe na chombo chao cha kumiliki viwanja, ili nyumba zitakazojengwa zisipangishwe kwa bei ya soko, na wachuuzi wa chini ya daraja wapewe nafasi za kudumu kwa maandishi. Eneo zilipo nguzo tayari ni mali ya umma, hivyo serikali inaweza kuahidi kulikabidhi kwa chombo hicho kabla zabuni ya ubomoaji haijatangazwa.