Mnara wa 5G ulivyotuharibia feed ya C-band na nilivyoirudisha

Wakuu, hii ni kwa mafundi wenzangu wa TV ndogondogo mnaovuta feed za nje (matangazo yanayoletwa na satelaiti) kwa C-band, yaani masafa ya satelaiti ya chini kuliko Ku. Sisi tuko Dar, dishi la mita 2.4 lilikuwa juu ya paa linaangalia satelaiti iliyoko nyuzi 68.5 mashariki, miaka yote halina neno, mvua inyeshe isinyeshe, si unajua C-band mvua haiisumbui kama Ku. Baadaye anayetuuzia feed akahamia DVB-S2 8PSK, mfumo wa kurusha unaopakia data nyingi zaidi, na ni kitu kizuri kwa kweli, transponda (chaneli ya satelaiti) ya simboreti 30,000, yaani alama elfu 30,000 kwa sekunde, iliyokuwa inabeba megabiti 41 hivi kwa sekunde sasa inafika 66, ila inadai mawimbi safi, ubora ukishuka chini ya desibeli 8 huna picha. Tukabadili IRD, ile risiva ya kitaalamu, mambo safi.

Halafu mtandao mmoja wa simu ukasimamisha mnara ng'ambo ya barabara, upande uleule wa mashariki, 5G yao iko 3.5 GHz na LNB za kawaida (kile kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea na kukuza mawimbi) zinameza kila kitu kuanzia 3.4 mpaka 4.2. Picha ikaanza kukatika vipande vipande, mara giza katikati ya mechi. Ukicheki risiva, mstari wa nguvu umejaa mpaka mwisho, wa ubora sifuri!

Bosi akataka dishi la mita 3.7, nikamwambia bosi hiyo hela itunze kwanza. Nguvu ikijaa na ubora hamna, hapo LNB imezidiwa, mawimbi ya satelaiti yanatoka karibu kilomita 36,000 na mnara uko hapo tu, ni kama mtu anakunong'oneza umesimama mbele ya spika za singeli. Nikaazima spektramu analaiza, kifaa kinachoonyesha nguvu ya mawimbi kwa kila masafa, kilima kimesimama palepale 3.5.

Nikaagiza filta ya 3.7 mpaka 4.2, ile ya chuma inayokaa kati ya fidihoni (mdomo unaokusanya mawimbi ya dishi) na LNB, sio ya kuchomeka kwenye kebo, huko LNB inakuwa imeshalewa tayari. Ila cheki masafa ya feed yako kwanza, ikiwa chini ya 3.7 filta inaikata na yenyewe. Ubora ukarudi, desibeli 9 na kitu, bado roho juu.

Kilichomaliza kazi ni kulishusha dishi. Kwa hapa Dar satelaiti hiyo iko kama nyuzi 55 kutoka usawa wa ardhi, kwa hiyo ukilikalisha uani, mbali na ukuta wa jengo kwa umbali sawa na urefu wa ukuta wenyewe, linaiona mbingu vizuri tu na jengo linayazuia mawimbi ya mnara. Fundi wa kuchomelea akanicheka, "Kaka, watu wanapandisha dishi we unashusha?" Tukalielekeza kwenye 78 ya kampasi, nikazungusha LNB kidogokidogo, ikasoma 12.

Siku hizi kinachotukata ni jua tu, dakika chache asubuhi kwa siku kadhaa za mwezi wa tatu na wa tisa linapopita nyuma ya satelaiti, na hilo halina filta, tunaweka kipindi cha kurekodi.